Mama Yangu Hajawahi Kulala Kwangu

Mama yangu hajawahi kulala kwangu, na nikikumbuka bado nakasirika. Nakasirika hata nikiosha vyombo. Mtu amekuzaa, amekulea mpaka ukamaliza fomu ya nne, halafu ukizaa wewe anakuja na begi lake na kusimama mlangoni kama mtu wa kusoma mita ya stima.

Ni mila yetu sisi Wajaluo. Mama mkwe, ambaye tunamwita maro, na mume wa binti yake huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawashikani mkono. Maro halali kwa nyumba ya mkwe wake, na kitanda cha mkwe hata kukiona tu ni aibu. Sawa. Labda waliotunga hayo walikuwa na boma kubwa na nyumba za kutosha. Sisi tunaishi Migori kwa ploti, chumba kimoja: jiko hapa, ndoo pale, kitanda nyuma ya pazia. Ukifungua mlango vibaya umegonga kitanda.

Sasa binti yangu alipozaliwa hakujua kunyonya. Alikuwa anashika, anaachilia, analia. Matiti yangu yalijaa yakawa magumu kama mawe, chuchu zikapasuka, na kila akianza kulia mimi nilikuwa tayari nimeshaanza. Nesi wa kliniki alimpima akasema uzito umeshuka sana. Nirudi Ijumaa, na kama bado unashuka, mtoto atalazwa.

Nikampigia mama simu. Hakuuliza swali hata moja. Kesho yake alifika kutoka Rodi Kopany na unga wa wimbi, kuku aliyefungwa miguu, na leso mbili kuukuu.

Aliketi kwa kiti cha plastiki karibu na mlango, akaligeuzia pazia mgongo. Siku nzima alifanya kazi hivyo. Alinipikia uji, akafua nepi, akanikanda matiti kwa kitambaa cha maji moto huku nikimlaani na yeye akiitikia "ee, ee" kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Halafu akanisukuma bega, akashika kichwa cha mtoto kwa kiganja chake, na mtoto akanyonya. Hivyo tu. Nilimwangalia mama nikaona kama amewasha taa kwa nyumba yenye giza. Lakini akitoa mkono, vita vinaanza upya.

Jioni mume wangu alirudi. Yeye ni mtu wa boda. Alipoona viatu vya mama mlangoni alizima pikipiki kule kwa geti, akaisukuma, akasalimia akiangalia ndoo.

"Mama, mmeshinda?"

"Tumeshinda, baba," mama akajibu, akiangalia ile ile ndoo.

Akaniita kando akaniambia ataenda kulala kwa rafiki yake, mama abaki na mimi. Nikafurahi. Nikamwambia mama. Akatikisa kichwa.

"Nyumba ni yake hata akienda kulala Nairobi."

"Mama, wewe ni Msabato. Hii mila si uliacha?"

"Niliacha kula kamongo kwa sababu ni samaki asiye na magamba. Heshima ina shida gani?"

Hapo nikapandwa na hasira. Nilisema maneno ambayo ploti nzima ilisikia. "Basi rudi Rodi! Rudi na heshima yako, mimi nitabaki hapa na mtoto mwenye njaa!"

Mama alikunja leso, akachukua begi, akatoka. Nikasikia malapa yake yakienda kwa korido.

Mume wangu akauliza, "Umemfukuza mama yako?"

"Nyamaza wewe."

Mtoto akaanza kulia. Nikamweka titi, akashika, akaachilia, akapiga nduru. Nikajua Ijumaa tunalazwa. Ndipo sauti ikatoka juu ya ukuta.

"Kichwa chake kiko juu sana."

Kuta za ploti yetu hazifiki kwa mabati. Ukikohoa, jirani anakuambia pole. Upande wa pili anakaa mama mmoja Mkuria kutoka Kegonga, muuza ndizi wa sokoni, ambaye mpaka siku hiyo tulikuwa tunasalimiana tu na kugombania kamba ya kuanika nguo.

"Mama?"

"Shusha kichwa, nyathina." Hivyo ndivyo mama huniita kwa Kijaluo, mtoto wangu. "Tumbo lake liguse tumbo lako."

Nikashusha. "Sasa?"

"Ngoja nisikie."

Nikangoja. Nadhani kila mtu kwa ile ploti alingoja.

"Hapana. Hiyo ni kelele ya midomo, anakula hewa. Mtoe. Mdomo ufunguke wote kwanza, usimpe kama pipi."

Nikamtoa, nikampa tena. Mtoto akavuta. Uchungu ukapita mpaka kwa mgongo, halafu ukapungua.

"Ee," ukuta ukasema. "Hiyo sasa ni koo. Anameza. Unasikia?"

Nilisikia. Sauti ndogo tu, kama maji yakiingia kwa chupa.

"Na huyo baba ako hapo?" jirani akauliza, akicheka. Mume wangu alikuwa amejifunika blanketi mpaka kichwa, maskini, mama mkwe anafundisha mambo ya matiti juu yake kama redio. Akachukua viatu mkononi, akatoka. "Hata kwetu Kuria angekuwa ameshahama nchi," jirani akasema. "Bahati yake Tanzania iko karibu."

Tuliishi hivyo mpaka Ijumaa. Mchana mama kwa kiti cha plastiki, usiku mama juu ya ukuta. Alikuwa anajua kwa masikio tu kama nimechoka, kama mtoto ana gesi, kama ninadanganya kwamba nimekunywa uji. Jirani, ambaye huamka kabla ya jogoo kuwika ili apokee ndizi zake, alimpa nusu ya kitanda na hakulalamika, ila aliniambia mara moja, "Mama yako anakoroma kwa Kijaluo." Kwa korido siku hizi nampisha kwanza. Kamba yote ya nguo ni yake akitaka.

Na mama! Mimi ningevunja kitu. Mila, mlango, kichwa cha mtu. Yeye hakuvunja chochote na hakuniacha. Sijui akili ya namna hiyo hutoka wapi, na inaniudhi kwamba mimi sina.

Ijumaa uzito ulikuwa umepanda. Mama aliposikia, alisema "haya" na kuanza kufunga begi, maana alitaka Sabato imkute nyumbani.

Mume wangu hubeba mama za watu wa Migori nzima kwa hiyo pikipiki. Mama yangu hawezi kumpakia, agusane mgongo naye vipi? Basi alifunga begi kwa kiti cha nyuma, akasukuma pikipiki ikiwa imezimwa, na mama akamfuata kwa mbali kidogo, wote wawili wakiangalia mbele. Nilisimama kwa geti na mtoto.

"Wewe, petroli imekwisha?" wenzake wa boda wakamcheka. "Omba mama akusukume!"

"Ni maro," akasema.

Mmoja akapunguza muziki. Wakavuta pikipiki zao pembeni, na hao wawili wakapita katikati, jua kali, yeye akitoka jasho kwa kusukuma kitu ambacho kazi yake ni kubeba watu.

Nilitamani kupiga kelele. Nilitamani pia wasifike stendi haraka, niendelee kuwaangalia. Siku moja nitakuwa na chumba ambacho mama anaweza kulala bila kuaibika, hilo sijaacha kulitaka, na sitaliacha.

Mtoto akaanza kulia. Nikarudi ndani, nikaketi kwa kile kiti cha plastiki, pazia nyuma yangu. Nikamshusha kichwa. Halafu nikanyamaza, nisikie.