Shemeji katika Chumba cha Wazungu

Shemeji yangu, karani katika mji wa Baraka, alipewa na Wabelgiji karte, cheti cha kuonyesha kwamba sasa amestaarabika. Tangu siku ile alikula ugali kwa uma.

Tulikuwa tunakwenda arusi ya mdogo wake: yeye, mke wake ambaye ni dada yangu, na mimi. Tulipanda mashua katika bandari ya Kazimia mpaka kule kusini reli inapoishia ziwani. Stesheni ilikuwa na chumba cha Wazungu cha kungojea treni. Sisi wengine tulingoja nje juani, pamoja na bamama wenye vikapu vya ndagala, dagaa wa ziwani.

Shemeji alitoa karte yake. Mzungu wa stesheni akaitazama pande zote mbili.

"Wewe ingia," alisema. "Bibi yako hana karte. Abaki na bengine."

Nilidhani atageuka. Alinyoosha tai, akaingia peke yake.

Treni ilipokaribia kuondoka, dada alinituma dirishani nimwite aje. "Shemeji, kuya, batu bamekwisha kupanda."

"Sisi ba karte banatuita kwa heshima," alijibu.

Mzungu wa kumwita alikuwa amekwenda kula. Treni ikaondoka, nasi kutoka behewani tukamwona ameketi mle chumbani, kofia magotini.

Alifika kesho yake, arusi imekwisha, mweusi kwa vumbi la behewa la makaa alilopanda. Dada alimpashia maji ya kuoga.

Tuliporudi Baraka, alisimulia kwamba serikali ilimpa behewa zima peke yake. Majirani walipomuuliza dada, alisema ni kweli kabisa, maana makaa hayahesabiwi kuwa watu.