Mkono wa Kulia na Breki ya Mkono

Gari langu la kwanza halikuwa langu. Lilikuwa la ami yangu, la kubebea abiria, kuukuu, na watu hawakuwahi kukubaliana rangi yake ni ipi. Fimbo ya breki ya mkono ilikaa kulia kwa dereva, kati ya kiti na mlango. Ukiivuta ilipanda krr-krr-krr mpaka ikakufika kwapani, na bado haikushika ila pale ulipoing'ang'ania. Mimi sikuona taabu. Nilikuwa na jiwe. Kila niliposimama mlimani, abiria mmoja aliruka akalitia nyuma ya gurudumu. Abiria wetu walikuwa na adabu, hawakuuliza kwa nini gari lina jiwe badala ya breki.

Taabu ilianza mwishoni mwa miaka ya hamsini, ami aliponipelekea posa Wingwi. Katika kunipamba akawaambia kuwa mimi ni fundi wa magari. Fundi! Nilijua kutia maji na kutukana, basi. Baba wa msichana, mfugaji wa ng'ombe mwenye ndevu za mvi na maneno machache, hakukataa wala hakukubali. Alisema atanitazama kwanza. Nilimtaka binti yule mpaka chakula hakinipiti kooni, kwa hiyo kila nilipopita Wingwi nilikaa mgongo wima nyuma ya usukani, ili nitazamike.

Ijumaa moja nilikuwa narudi na gari tupu. Nimeswali Micheweni, nimevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. Wingwi nako watu walikuwa ndio wanatoka msikitini, wamejaa njiani. Katikati ya mwinuko nikasikia naitwa kwa nyuma. Kumbe ni baba wa binti! Nikasimama. Jiwe, bila shaka, nilikuwa nimelisahau Micheweni. Injini sikuthubutu kuizima niliache gari kwenye gia, maana kuiwasha kulitaka wanaume wanne wa kusukuma. Na kwetu humwamkii mtu mzima umekaa kitako, seuze baba wa mtu unayemposa. Nikashuka. Nikasimama mlangoni, uso nimeuelekeza alikokuwa anatokea, mkono wa kulia nimeupitisha ndani, nimeikamata fimbo ya breki kwa nguvu zangu zote.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Akanyoosha mkono.

Nilikuwa na mkono mmoja tu usio na kazi, nao ni wa kushoto, na kila mtu anajua ule ni mkono wa wapi. Ningempa huo, posa ingefia palepale mbele ya msikiti mzima. Nikaiachia breki, nikampa wa kulia.

Anayezijua salamu za Pemba atauona msiba wangu. Mzee alinishika mkono, hakuuachia.

"Hujambo?"

"Sijambo, Mzee."

Mlango ulinigonga matakoni, nikajisogeza pembeni.

"Mamako mzima?"

"Mzima, alhamdulillahi."

Gari likatupita, taratibu kwanza, halafu kwa hamu. Watu wakaligawanyikia njia.

"Na ami yako?"

"Mzima."

Likaacha barabara, likaingia katika mihogo, likakohoa, likazimika.

"Gari yako yenda," akasema.

"Naam, Mzee. Yenda."

"Na nyumbani wote salama?"

"Salama."

Ndipo akaniachia. Akaitazama mihogo, akanitazama mimi. "N'ambiwa weye fundi. Haya, fundi. Itengeneze, mie naona."

Watu walilitoa gari mihogoni, wakalisukuma mpaka tambarare, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwenda kula. Niliwahi kumwona fundi mmoja wa Chake akikaza breki ya mkono, lakini siku ile nilikuwa nashughulika na kahawa. Nikayawekea mawe magurudumu ya mbele, nikainua nyuma kwa jeki, nikailaza ile fimbo, nikaingia chini na kanzu yangu. Waya wa breki niliuona, umelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Mwisho wake palikuwa na nati mbili, moja ya kukazia, nyingine ya kuizuia mwenziwe isizunguke. Nikailegeza ya kuzuia, nikaikaza ya kukazia kwa hasira zangu zote. Nikatoka, nikavuta fimbo. Ikashika jino la kwanza! Nikawageukia watu nipate kusifiwa.

Mzee akanambia niilaze fimbo. Akainama, akalisukuma gurudumu la nyuma kwa kiganja. Halikuzunguka.

"Mwanzo ilikuwa haisimami," akasema. "Sasa haiendi."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nikarudi uvunguni. Nikawa nalegeza nati nusu mzunguko, naye anajaribu gurudumu.

"Bado."

Nusu nyingine.

"Bado."

Gari hakulijua hata chembe, lakini alijua kinachozunguka na kisichozunguka, na hapo alikuwa ameshanipita.

"Basi."

Nikamwomba avute fimbo. Ikalia mara nne, ikashika, na gurudumu likagoma. Watu wakaanza kutawanyika kwenda kwa wake zao na wali wao. Mimi nilikuwa bado chini, nafunga nati ya kuzuia, naona makubadhi ya Mzee tu.

"Kijana."

"Labeka."

"Weye si fundi."

Kumdanganya mtu nimelala chali miguuni pake sikuweza. "Si fundi, Mzee. Ami alisema vile ili unipe binti. Nami nikanyamaza, ili unipe."

Makubadhi yakarudi nyuma hatua moja. Nikajua yamekwisha, na nikauchukia ulimi wa ami na ulimi wangu uliokaa kimya.

"Mkono wanipa wa kulia," akasema, "nawe waona gari yenda."

"Naam, Mzee."

"Basi mwambie ami yako aje Jumapili, aje na wazee. Mie nimekubali. Haya, toka huko."

Nikamwambia nati bado yataka kukazwa kidogo. Nati nilikuwa nimeshaifunga. Nilikuwa nalia.