Dawa ya Kupe kwenye Mboga

Nilipomaliza chuo nilirudi nyumbani, upande wa Boito, kungoja kazi. Niliamka, nikaangalia simu, nikatoka nje, nikarudi ndani, nikaangalia simu tena. Mama alichoka kuniona nikizunguka boma kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akanionyesha shamba la mboga nyuma ya jikoni.

"Kama huwezi kukaa, toa wadudu."

Haikuwa kazi ya kunipotezea wakati tu. Dada yangu alikuwa anakaribia koito, siku ambayo watu wa upande wa mvulana huja kujitambulisha na kukubaliana na wazee wetu. Mama alikuwa ameshatangaza mbele ya wanawake wa kanisa kwamba wageni watakula isagek ya mkono wake, ile mboga yenye uchungu ambayo sisi huichemsha na kuilaza kwa maziwa mpaka uchungu utulie. Ya sokoni hakutaka hata kuisikia. Niliuliza kama kuna mkwe aliyewahi kukataa bibi arusi kwa sababu ya mboga. Aliniambia nisilete maswali ya chuo kwenye mambo ya watu.

Wadudu wenyewe walikuwa viwavi wembamba, wa kijani, wasioonekana mpaka ugeuze jani. Ukiwagusa wanajinyonganyonga na kuning'inia kwa uzi, halafu ukiondoka wanapanda tena. Mama alikuwa akiwamwagia majivu ya jikoni kila asubuhi.

"Kwa nini majivu?" nikauliza.

"Kwa sababu yanafanya kazi."

"Yanafanya vipi?"

"Wee! Yanafanya."

Lakini viwavi walikuwa bado wanakula, kwa hivyo nilitaka kujua. Mistari mingine nilipaka majivu, mingine nikanyunyizia maji ya sabuni na pilipili, mingine nikaiacha hivyo hivyo. Mama alisimama mlangoni akicheka. "Tumekusomesha miaka yote hiyo ukuje kufanyia majivu mtihani?"

Tatizo ni kwamba kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri. Iliosha majivu, ikaosha sabuni, ikaosha na utafiti wangu. Mistari yote ikatobolewa sawasawa. Nikabaki kuokota kwa mkono, nikiwatumbukiza kwenye mkebe wa maji. Nikifika mwisho wa shamba, nikirudi mwanzo nawakuta wengine. Nilianza kuona ndotoni majani yaliyogeuzwa upande wa chini. Mama naye akaacha kucheka, akawa anakuja kuhesabu mashina yaliyobaki mazima.

Wiki yenyewe ya koito, asubuhi moja, nilikutana na baba akitoka shambani na bomba la kunyunyizia mgongoni.

"Enda uone," akaniambia.

Nilienda. Viwavi walikuwa wamelala kwenye udongo, hakuna aliyejinyonganyonga hata kidogo. Nilifurahi. Halafu harufu ikanifikia. Ilikuwa harufu ya siku ya kuosha ng'ombe.

"Baba, umepiga na nini?"

"Dawa."

"Ya nini?"

"Ya kuua. Unataka CV yake?"

"Ni ile ya kupe?"

"Kupe ni mdudu, kiwavi ni mdudu. Shida iko wapi?"

"Wageni watakula hii mboga Jumamosi!"

"Ng'ombe tunaosha nayo, na maziwa unakunywa. Umekufa?"

Nilienda zizini nikachukua chupa nikasoma maandishi yake yote, yale madogo pia. Ilitaja ngozi ya ng'ombe, ilitaja kukamua, ilitaja mikono ioshwe na sabuni. Mboga haikutajwa popote. Hoja yangu yote ilikuwa hiyo, kwamba aliyeitengeneza hakufikiria kuna mtu ataila kwenye jani. Nilimpelekea mama chupa jikoni.

"Una uhakika itadhuru mtu?" akaniuliza.

"Sina."

"Una uhakika haitadhuru?"

"Huo pia sina. Labda tukiosha sana. Labda tukingoja. Sijui tungoje mpaka lini."

"Kwa hivyo huko chuo walikufunza kutojua."

Nilitaka kumjibu lakini alikuwa ameshatoka. Alisimama katikati ya mboga zake, ambazo kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu zilikuwa hazina mdudu, zimesimama vizuri kabisa, akaziangalia. Kisha akainama akaanza kung'oa. Aling'oa shina baada ya shina, udongo ukiruka. Baba alikuja akasimama kando. Nilingoja agombane. Alimtazama mama, akaenda akachukua jembe, akachimba shimo mbali na mahali ng'ombe hula.

Jumamosi wageni walikula kabichi iliyonunuliwa sokoni Kapsoit. Mama aliipakua mwenyewe, bila kumwangalia mtu. Tulikuwa chini ya hema, na kutoka pale mtu aliona pembe ya shamba, udongo mtupu. Shangazi wa mvulana, mwanamke mchangamfu ambaye alikuwa amechekesha meza yote tangu chai ya kwanza, akaelekeza kijiko huko.

"Na pale kulikuwa na nini, mama?"

"Isagek," mama akasema. "Viwavi walitushinda."

"Aii! Na si mngetuuliza! Sisi kwetu tunapiga na ile ya kupe. Unapiga asubuhi, jioni unachuma. Safi kabisa, hata tundu moja huoni."

Baba aliinamia kikombe chake. Dada yangu, ambaye baada ya harusi angekuwa anachuma katika shamba lao na kula kutoka kwa sufuria yao, aliacha kutafuna. Maandishi ya chupa nilikuwa nayo kichwani, neno kwa neno, na nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mama alinitolea macho. Si hapa, yalisema.

Halafu akaweka mwiko chini, akamshika mgeni mkono. "Kuja, mama, nikuonyeshe kitu."

Walienda taratibu mpaka kwenye udongo mtupu. Kutoka nilipoketi nilimwona mama akiinama, akinyoosha kidole kuelekea kule tulikozifukia mboga, na mgeni akicheka na kumpiga bega. Mama akaendelea kusema. Mgeni akaacha kucheka. Akakunja mikono kifuani, akageuza uso pembeni, na sikuweza kujua kama amekasirika au anasikiliza.

Nilitaka kuinuka niende. Dada yangu alinishika mkono chini ya meza na hakuniachia, na sote wawili tukakaa tukiangalia midomo yao.