Mashine ya Seni na Kufuli la Duka

Jailos Mwakipesile hakuamini chuma mpaka akigonge na kukisikiliza, na watu hakuwaamini hata baada ya kuwasikiliza. Pale Igawa, kando ya barabara ya Zambia, wateja wake walishamzoea. Ukimpelekea plau iliyovunjika, ataigeuza mara tatu, atakuuliza imevunjikia shamba gani, nani alikuwa akiswaga ng'ombe, na kwa nini unaitaka haraka. Ukimjibu vizuri mno, anazidi kukushuku.

Hakuzaliwa hivyo. Ujanani, alipotoka milimani kwao Rungwe kwenda kwenye migodi ya shaba ng'ambo ya Tunduma, alikuwa mcheshi wa kuimba njia nzima. Kazi yake kule ilikuwa kukagua minyororo ya kuinulia mizigo. Asubuhi moja aliukagua mnyororo, akauona mzima, akautia alama ya chaki. Kabla ya saa sita pete moja ikakatika, mzigo ukamwangukia Anyitike, kijana waliyetoka naye kijiji kimoja. Ufa ulikuwa ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Hakuna aliyemlaumu. Alijilaumu mwenyewe, akarudi nyumbani, akamwoa Damari, wakashuka Igawa wakati barabara inajengwa. Akasimamisha banda la bati, akafunga jiriwa lake la kubania vyuma juu ya gogo la mninga, akatundika msumeno wake wa chuma. Kuanzia hapo, kwake yeye kila kitu kilikuwa na ufa ambao haujaonekana bado.

Mwaka 1976, masika yalipokwisha, akaja Seni Bujiku. Alikuwa Msukuma, wa familia iliyoshuka na ng'ombe wake kutoka Shinyanga kutafuta malisho katika bonde la Usangu. Ng'ombe aliwaachia kaka zake. Yeye alikuwa amefanya kazi miaka minne kwenye kambi ya Wachina waliojenga reli, na alifika Igawa na mkokoteni wa punda uliobeba jenereta dogo na sanduku la mbao. Alipanga chumba ng'ambo ya barabara, kikilitazama banda la Jailos uso kwa uso.

Siku ya pili lori la Zambia likaharibika springi. Bolti zake zilikuwa zimeshikwa na kutu hata hazifunguki, hapana dawa ila kuzikata. Kwa msumeno, hiyo ilikuwa kazi ya asubuhi nzima, na mkono wa Jailos ulishaanza kuwasha kwa kuingoja. Dereva akavuka barabara kwenda kwa Seni.

Jailos alisimama mlangoni akatazama. Seni alifungua sanduku, akatoa kitu kisichozidi ukubwa wa chupa ya chai, chenye jiwe la duara, jembamba kama sahani ya bati. Akavaa miwani. Akawafukuza watu waliosimama upande ambao cheche zingerukia. Kisha akawasha jenereta, akaishika mashine kwa mikono miwili, akaiacha kwanza izunguke mpaka sauti yake ikatulia, ndipo akaigusisha kwenye bolti. Hakuisukuma. Aliiacha itafune chuma kidogo kidogo. Cheche zikamwagika ardhini kama mtama unaopepetwa, na kabla chai ya dereva haijapoa, bolti nne zilikuwa chini.

Jailos akavuka. Aliokota bolti moja, ikamwunguza, akaibadilisha mikono. Mahali ilipokatwa palikuwa laini, na ukingoni chuma kimegeuka buluu kama shingo ya njiwa.

"Mwangaluka, mzee," Seni alimsalimu kwa Kisukuma, kwa heshima.

"Nzuri. Kitu hiki kinaitwa nini?"

"Grainda, mzee. Ni ya kazi ndogo ndogo. Bolti, bomba, pini za plau."

"Umeipata wapi?"

"Kambini. Reli ilipokwisha."

"Walikupa?"

Seni akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Nilifanya kazi pale miaka minne, mzee."

Jailos akarudi bandani na bolti mkononi. Jioni, Damari alipomletea maji ya kunawa, bado alikuwa ameishika.

"Nimemwuliza kama walimpa," alisema. "Amenijibu miaka."

"Baba Tusajigwe, labda hapendi kuulizwa na mtu ambaye hata hajamwambia karibu."

"Au labda hana jibu."

Ikawa hivyo wiki tatu. Kazi za kukata zilivuka barabara, moja baada ya nyingine, na Jailos akabaki na plau na mabawaba. Kila jenereta lilipoanza kunguruma, aliacha kazi yake kusikiliza. Siku moja, watu watatu wakisubiri majembe yao, aliwaambia, "Mashine ile haina baba." Hakusema zaidi. Lakini neno likipata miguu halirudi kulala kwa mwenyewe. Jumamosi lilimrudia likiwa limenenepa: kwamba Msukuma aliiba mali ya reli, kwamba anatafutwa, kwamba mashine yake inaweza kukata mlango wa chuma mtu akiwa ndani amelala. Jailos alisikia, akaendelea kugonga plau. Hakukubali, wala hakukana.

Jumatatu asubuhi, Liberatus, mtunza duka la ushirika la kijiji, akapiga yowe. Mlango wa duka ulikuwa wazi, kufuli limelala chini limekatwa. Magunia sita ya sukari hayapo, na robota zima la khanga halipo. Sukari mwaka ule ilikuwa haionekani kirahisi. Watu walikuwa wameisubiri miezi miwili.

Hakuna aliyeuliza nani. Mkumbo wa watu ulivuka barabara, mgambo wakiwa mbele. Walimtoa Seni chumbani akiwa na mswaki mdomoni. Mashine ilibebwa, ikaangushwa, ikabebwa tena. Mbele ya ofisi ya kijiji walimketisha chini, mikono imefungwa kamba, na mwenyekiti, Mzee Abrahamu, akaagiza aitwe Jailos.

"Fundi," alisema, akimpa lile kufuli, "wewe unajua vyuma. Tuambie tu kwamba limekatwa na mashine hii, tumpeleke kijana huyu Rujewa kwa polisi, tumalize."

Jailos hakuficha moyoni mwake kwamba alifurahi. Alilipokea kufuli kama mtu anayepokea haki yake. Kisha akalitazama.

Upinde wake wa juu ulikuwa umekatwa kabisa. Lakini ukingo haukuwa na buluu. Alipitisha kucha, ikakwamakwama juu ya mistari midogo, myembamba, iliyolala sambamba. Akatoka nalo juani, watu wakimpisha. Ubavuni mwa kufuli, pande zote mbili, palikuwa na alama za meno ya jiriwa, na katikati ya alama hizo palikuwa na pengo, upana wa ukucha wa kidole kidogo.

Pengo lile alilijua. Alilitia yeye mwenyewe katika jiriwa lake, mwaka wa kwanza Igawa, kwa kupiga nyundo vibaya.

Igawa nzima msumeno wa chuma ulikuwa mmoja, na jiriwa moja.

"Vipi, fundi?" Abrahamu aliuliza.

"Niacheni nalo mpaka saa nane. Jambo hili halitaki haraka."

Seni aliinua macho kutoka pale chini. Jailos hakuyatazama.

Nyumbani aliliweka kufuli kwenye jiriwa, akakaza taratibu. Alama zikaingia mahali pake kama mguu kwenye kiatu chake. Akauchukua msumeno na kuutazama kwenye mwanga. Katikati ya meno yake palikuwa na vumbi jipya, jeupe, na yeye hakuwa amekata kitu tangu Alhamisi.

"Mama Tusajigwe!" aliita, na sauti yake ilimtisha hata yeye. Damari akaja akiwa na unga mikononi. "Nani aliingia bandani?"

"Mbona unanitazama hivyo? Mimi nikate kufuli?"

Ni kweli, kwa kitambo kidogo alikuwa amemshuku hata mke wake wa miaka kumi na sita. Akashusha macho.

"Jumapili mimi na wewe tulikuwa kanisani kwetu," Damari alisema polepole. "Ufunguo wa banda wewe mwenyewe ulimpa Liberatus. Akate pini ya baiskeli, alisema. Ukamwambia, wewe ni katekista, ingawa si wa kanisa letu, ukimaliza uweke ufunguo chini ya jiwe."

Jailos akaketi juu ya gogo. Watu wote wa Igawa aliwashuku, isipokuwa mmoja, kwa sababu mmoja huyo alisali vizuri.

"Ukisema msumeno ni wako, watakukamata wewe," Damari alisema.

"Najua."

"Na ukinyamaza?"

Alikuwa anamfikiria Anyitike, na chaki.

Saa nane uwanja wa ofisi ulikuwa umejaa. Jailos alikuja na msumeno wake, kufuli, na kipande cha nondo chenye unene sawa na upinde. Akamwomba mwenyekiti Seni afunguliwe mikono.

"Kwa nini?"

"Nataka akate chuma mbele yetu."

Watu wakanung'unika, lakini jenereta lililetwa. Kifuniko cha mashine kilikuwa kimepasuka pale ilipoangushwa. Seni aliikagua kote, akalitazama jiwe kama lina ufa, akalibadilisha, akaikaza. Akaiwasha, akangoja mpaka iliposhika mwendo. Akakata. Jenereta lilipozimwa masikio ya watu yalikuwa bado yanalia.

"Kelele hiyo," Jailos alisema, "nani aliisikia Jumapili, mchana au usiku?"

Hakuna mkono ulioinuka.

Akaishika nondo ile kwa mguu, akaikata upande wa pili kwa msumeno. Ilimchukua muda mrefu, na hakuna aliyeondoka. Kisha akavipitisha vipande mkono kwa mkono pamoja na kufuli: mkato huu wa mashine, una buluu, huu wa msumeno, una mistari. Sasa tazameni kufuli.

Mzee Abrahamu alitazama kwa muda mrefu kuliko wote. "Basi ni msumeno," alisema. "Na msumeno ni wako, fundi."

"Ni wangu. Na alama hizi ubavuni ni za jiriwa langu. Twende mkapime."

Minong'ono ikapanda. Mgambo mmoja akasogea karibu naye. Jailos akaendelea: "Lakini Mwenyekiti, jiriwa langu limefungwa kwenye gogo. Kufuli likiwa linaning'inia mlangoni haliwezi kuingia kwenye jiriwa. Lilifunguliwa kwanza kwa ufunguo, likaletwa bandani, likakatwa, likarudishwa kutupwa pale chini. Mimi ufunguo wa duka sina. Anao nani?"

Hakumtaja mtu. Vichwa vyenyewe viligeuka.

Liberatus alicheka. "Fundi ana wivu na kazi yake, sasa ananitafuta mimi. Ufunguo wangu ungeweza kuibwa."

"Na ufunguo wa banda langu Jumapili alikuwa nao nani?"

"Nilikata pini ya baiskeli."

"Baiskeli yako ile pale," alisema Seni, neno lake la kwanza tangu asubuhi. "Pini zake zina kutu, zote mbili, hakuna iliyokatwa."

Watu wakaigeukia baiskeli iliyoegemezwa ukutani. Mwenyekiti akaagiza nyumba ya Liberatus na za ndugu zake zipekuliwe. Kabla jua halijazama, mgambo walikuta magunia matano na robota la khanga chini ya mapumba ya mpunga, katika banda la shemeji yake huko Ubaruku. Gunia la sita lilikuwa limeshauzwa. Liberatus alipelekwa Rujewa kwa lori lililokuwa likipita, na mkewe akahama Igawa kabla ya mwezi kwisha, bila kuaga.

Kesho yake Jailos alivuka barabara. Seni alikuwa akifunga kifuniko kilichopasuka kwa waya.

"Karibu, mzee."

"Nimekuja kukuambia kitu. Lile neno kwamba mashine yako haina baba, lilitoka kwangu."

"Najua. Igawa ni ndogo."

Akaendelea kuzungusha waya. Jailos akabaki amesimama, hakuambiwa akae. Mwishowe Seni akaingia ndani, akatoka na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa imeandikwa kwa maandishi ya Kichina, na chini yake pana muhuri mwekundu. Jailos akaigeuza, akaigeuza tena.

"Imeandikwa nini?"

"Kwamba ni yangu."

"Nitajuaje?"

"Hutajua, mzee."

Jailos akaikunja kwenye mikunjo yake ileile, akairudisha.

"Vaa miwani," Seni alisema, akimsogezea mashine. "Mikono miwili. Ukiona inakuvuta, usishindane nayo, achia swichi."

Ilimvuta. Aliachia. Akajaribu tena, akakata pini ya plau isiyozidi kidole gumba, miguu yake ikiwa imepanuka kama ya mtu aliyekabili ng'ombe mkali. Alipomaliza aliukagua mkato pande zote.

"Inakata vizuri mno," alisema, kwa sauti ya mtu anayelalamika.

Wiki iliyofuata Mzee Abrahamu alimletea ufunguo wa kufuli jipya. Kijiji kilitaka yeye ndiye autunze. Jailos alikataa hata kuugusa. "Mpeni mtu mtakayemchunga," alisema, na Damari akacheka peke yake jikoni.

Yeye na Seni hawakuwa marafiki wa kukaa pamoja. Waligawana kazi: vyuma vinene na vyenye kutu vilikwenda ng'ambo, na vile visivyotakiwa kupata moto vilibaki kwa msumeno. Mwaka 1979 Seni aliitwa Ubaruku kutengeneza mashine za kukobolea mpunga. Siku ya kuhama alikuja bandani na mawe mawili mapya ya kukatia, akayaweka juu ya gogo, ingawa Jailos hakuwa na mashine. Jailos aliyaangalia moja moja kwenye mwanga.

"Kwa nini unanipa?" aliuliza.

Seni alicheka mpaka akashika nguzo ya banda. Bado alikuwa anacheka alipopanda lori.