Kijakazi na Simu Iliyofagiliwa

Kijakazi wa Usagara hawezi kuona kitu kimeachwa wazi. Magharibi ikikaribia hufunga madirisha, hufunika masufuria, kisha hushika simu na kuzifunga programu zote, moja baada ya nyingine. Kazi hiyo huiita kufagia. Fundi simu alikwishamweleza kwamba simu huzilaza yenyewe programu zisizotumika, na kwamba kuzifunga na kuzifungua upya ndiko kunakokula chaji.

"Ni kama kuzima jiko kila ukigeuza chapati, mama."

"Kwani nyie kwenu hamfagii?" alimjibu, akaondoka.

Siku ya hina ya Hasina, ufagio huo ulileta balaa. Mama wa bibi harusi huyo, Tausi, ambaye ni dada yake Kijakazi, alikuwa amelala kijijini Moa, mguu umevunjika. Angemwona mwanawe akifunuliwa mtandio kupitia simu ya Kijakazi, au asimwone kabisa, maana kwao mtandio hufunuliwa mara moja tu.

Uso wa Tausi ulitokea kwenye kioo cha simu, wanja tele. Vigelegele! Kijakazi akaiacha picha kidogo atazame ujumbe wa muuza keki, akakuta programu zimejipanga foleni. Akafagia. Tausi naye akaenda na taka.

Akampigia tena.

"Kijakazi! Umenizima?"

"Mtandao, dada."

Simu ikapata joto, kidole kikamwasha. Akafagia tena.

"Mtandao gani wenye kidole?" Tausi alifoka alipopatikana. "Nimekiona kikija!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Chini ya mtandio, bibi harusi akapaza sauti: "Mama mdogo apakwe hina! Mikono yote miwili, mpaka kwenye ncha za vidole!"

Wakamdaka. Jirani yake Benedikta, mtoto wa kambi ya mkonge, akamkalia mapajani.

"Sifagii tena, wallahi!"

"Nyoosha vidole, shoga."

Mikono ilipojaa hina mbichi, Benedikta akaisimamisha simu, akaiegemeza kwenye birika. Ngoma ikakolea. Kijakazi akacheza mikono juu, kama mwizi aliyekamatwa akafurahi.

"Dada, unaona?"

"Naona makalio yako tu! Toka hapo!"

Akaruka pembeni. Mtandio ukafunuliwa. Kutoka Moa kikapasuka kigelegele kikali hata simu ikateleza ikalala chali. Benedikta akaiinua haraka.

"Mwanangu, umependeza!" Tausi alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Hebu geuka nikuone!"

Hasina akageuka, akageuka tena, na mama yake hakutosheka. Kijakazi akaikodolea simu macho. Kwa muda wote huo, lazima ilikuwa ya moto. Kidole cha shahada kikaanza kumcheza.

"Benedikta, hina imekauka?"

Ilikuwa imekauka mpaka inapukutika.

"Bado kabisa," Benedikta alisema, akamwongezea nyingine.