Boraksi ya Mjomba

Nilipomaliza kidato cha nne na matokeo yakaja mabaya, mama alinipeleka Lushoto mjini kwa kaka yake, nikampikie na kumfulia. Mjomba alikuwa amefiwa na mkewe, na wanawe wawili walikuwa Tanga wakijitafutia. Nyuma ya nyumba yake, chini kidogo ya soko, alikuwa na karakana ya kuunga vyombo vya shaba, kazi aliyojifunza ujanani katika kiwanda cha chai.

Jikoni sikukaa sana. Nilikuwa nikimpelekea chai karakanani, nikabaki kutazama, hadi siku moja akaniambia, "Mwanangu, kama macho yako yamependa huku, na mikono nayo ije."

Kitu cha kwanza kunifundisha hakikuwa moto wa gesi. Alinifundisha kutengeneza dawa, ule unga unaopakwa mahali pa kuungia ili shaba ishike. Dukani ilikuwepo ya kopo, lakini hakuipenda. Yake aliitengeneza kwa boraksi, vile vipande vyeupe mithili ya chumvi ya mawe.

"Boraksi mbichi ina maji ndani yake," alinieleza. "Ukiipaka hivyo hivyo ukawasha moto, itaumuka na kujitupa pembeni, na ufa utabaki uchi. Shaba iliyo uchi ikipata moto inaota weusi. Na penye weusi hapashiki kitu."

Kwa hiyo tuliikaanga kwanza, kwenye kikaango cha chuma juu ya jiko la mkaa, mlango ukiwa wazi hata ukungu ulipoingia mpaka ndani. Ilichemka, ikapanda kama povu la maziwa, ikatoa mlio mwembamba, mwisho ikatulia na kukauka. Niliwahi kuiepua mapema, akairudisha jikoni bila kunigombeza. "Isikilize. Ikinyamaza ndipo." Tukaiponda, tukaichekecha kwa kipande cha mtandio mkuukuu, tukachanganya na ule unga mwingine mweupe ambao watu huulia mende, kisha maji kidogo mpaka ikawa kama uji mzito wa kupaka kwa brashi.

Mara ya kwanza niliposhika moto mwenyewe, ile dawa iliyeyuka ikawa kioo juu ya bomba jekundu. Niligusa kwa kijiti cha shaba ya njano, na shaba ikakimbia ndani ya ufa kama maji yanayojua njia. Nilicheka kwa sauti. Sijui kama nimewahi kufurahi namna ile tena.

Wakulima wa kabichi na karoti walileta mabomba yao ya kupulizia dawa, mirija ikiwa imepasuka. Wakishasalimiana na mjomba, walinitazama. "Huyu binti ndiye atakayeunga?"

"Ndiye," alijibu. "Mimi nitakuchafulia kazi."

Kisha ikaja posa kutoka Mazinde. Baba yangu hakuwepo duniani, kwa hiyo wazee wa yule kijana walikuja kwa mjomba. Aliwakaribisha vizuri, akaniita, akaniuliza mbele yao. Nikamtazama usoni nione anataka nini. Alikuwa ametazama mkeka.

"Wewe unasemaje, mjomba?" niliuliza.

"Ukiridhia mwenyewe, mimi sina neno."

Nikaridhia. Kijana alikuwa mtu mwema, na ni mwema mpaka leo. Nikateremka kwenye joto la bondeni, nikazaa, nikalea, nikauza vitunguu kando ya barabara kuu. Kupanda mlimani nilipanda siku za Idi na za misiba, nikamkuta mjomba kila mara amepungua kidogo.

Mwaka juzi mama alinipigia simu: mjomba amevimba miguu, halali. Nilipofika nilimkuta kwenye kiti mlangoni pa karakana, amejifunika blanketi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Dawa imekwisha," alisema, kana kwamba nilitoka jana tu.

Nikawasha jiko. Nikakaanga boraksi yeye akisikiliza, nami nikisikiliza. Mchana huo mama mmoja jirani alileta birika la shaba lililong'oka mdomo. Niliunga, nikatia maji, yakavuja. Mkono ulikuwa umesahau. Niliondoa moto kabla shaba haijazunguka. Nikakwangua kile kioo, nikapiga msasa, nikapaka upya. Safari hii halikutoka hata tone. Yule mama akashukuru na kwenda zake.

Mjomba akavuta blanketi, akasema, "Siku ile ya wale wageni wa Mazinde, nilitaka kuwakatalia."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Watu wangeniuliza, unamzuia binti asiolewe akuungie mabirika? Nikaona nakuonea." Alifuta macho kwa pembe ya blanketi. "Nikangoja useme wewe."

"Na mimi nilikungoja wewe," nilimwambia.

Nikamshika mkono tukatazama mvua ikishuka.

Alifariki kabla ya mwezi wa Ramadhani. Wanawe waliuza mitungi ya gesi na vyuma, nami siwalaumu, maana wao hawakuwahi kufurahia moto ule. Karakana sasa ni stoo ya mbolea.

Nilimsimulia mume wangu. Alisikitika kwa dhati. "Laiti ungeniambia," alisema. "Tungekuwa na karakana hapa hapa barabarani." Akaanza hata kusafisha sehemu kando ya nyumba. Nikamwomba aache. Siku hizi mabomba ya kupulizia ni ya plastiki. Likipasuka linatupwa, na vijana wanaunga mageti kwa umeme. Alisimama na jembe mkononi, akanitazama, kisha akapanda mchicha pale alipokwisha kulima.

Nina watoto wazuri na nyumba yenye amani, na ninamshukuru Mungu. Lakini nikipita penye mafundi nasikia harufu ya chuma kilichopata moto, napunguza mwendo, nasikiliza.