Nililipwa mshahara kwa mbuzi wa shemeji, nikaenda ofisi ya leba Lodwar

Wakuu, ejok, ndiyo salamu yetu Waturkana.

Nawaandikia kutoka Lodwar, chumba cha kupanga. Sijatia chumvi mahali popote.

Nilikuwa mtunza stoo kwenye duka la jumla Kakuma. Unga, sukari, mafuta, maharagwe. Mwenye duka ni mume wa Akiru, dada yangu.

Mapatano yalikuwa ya mdomo tu. Kila mwezi pesa kidogo, karibu nusu ya kima cha chini cha mshahara wa kazi ile, na kila mwaka mbuzi kadhaa. Mbuzi wangebaki kwenye kundi lake huko Kalemng'orok, wazaane.

Kwetu hilo halishangazi mtu, mchungaji hulipwa hivyo. Lakini mchungaji huwaona mbuzi wake kila siku. Mimi nilikuwa naona magunia.

Deng, mpakiaji kutoka Sudan Kusini, alinitania sana. "Mzee, mshahara yako inalia mee! Mwisho ya mwezi unaenda kukamua?"

Tulicheka. Halafu ukaja ukame.

"Shemeji, mbuzi wako wamekufa," mwenye duka akaniambia, macho kwenye magunia.

"Wote?"

"Wote."

"Na wako?"

"Wangu wamebaki. Ni wagumu."

Sikubishana. Nilianza kusoma sheria ya ajira kwenye simu, polepole, kwa sababu Kiingereza nilijifundisha mwenyewe. Nilipofika kwenye kifungu cha malipo nikarudia kukisoma. Kisha nikaomba ruhusa ya siku moja, nikaenda ofisi ya leba Lodwar.

Afisa alikuwa mama mmoja mpole. Nikamwambia sina mkataba wa maandishi. Akasema hilo halinifungi, kwa sababu kuandika mkataba ni wajibu wa mwajiri, na mkiparurana ni yeye wa kuthibitisha mlipatana nini.

Akaendelea. Mshahara hulipwa kwa pesa za Kenya. Mbuzi wanaweza kuwa zawadi, mshahara hapana. Na hata kama ulikubali kulipwa chini ya kima, makubaliano hayo hayasimami. Kima ndicho kinahesabiwa.

Kupeleka malalamiko pale sikulipia chochote. Mwajiri huitwa mzungumze. Akikataa, unaenda kortini. Ila usikae sana, madai ya ajira yana ukomo wa miaka mitatu. Na kukufukuza kwa sababu umelalamika ni kosa jingine.

Shemeji aliitwa. Jioni hiyo Akiru akanipigia.

"Ng'ombe wake walikuja kwa boma letu aliponioa. Mama alipougua, ni yeye alilipa hospitali. Leo unampeleka kwa serikali?"

"Sijampeleka yeye, Akiru. Nimepeleka mshahara."

"Huo mshahara una jina lake," akasema, akakata simu.

Mbele ya afisa, shemeji alisema, "Huyu nimemlisha kama ndugu."

"Vizuri," afisa akajibu. "Sasa mlipe kama mfanyakazi."

Alikubali kulipa pengo lote kidogo kidogo, kwa simu. Tulitoka pamoja hadi kwenye geti. Akapanda gari akarudi Kakuma, na mimi nikabaki huku.

Hakunifukuza. Ni mimi nilishindwa kurudi kula kwenye meza ile ya Akiru na mumewe.

Sasa natunza stoo nyingine hapa mjini. Mshahara unaingia benki, umefika kima na posho ya nyumba juu. Jioni napika chakula cha mtu mmoja. Sufuria niliyonunua ni kubwa mno, sijui nilikuwa nafikiria nini.

Kila mwisho wa mwezi ujumbe wa malipo uliingia, una jina la shemeji na kiasi. Salamu hakuna. Nilikuwa nausoma zaidi ya mara moja. Ndivyo nilivyojua kwamba yuko hai, duka limefunguliwa, na Akiru anakula.

Mwezi uliopita alimaliza deni. Mwezi huu simu imenyamaza.

Wakuu, kama unalipwa chini ya kima, nenda ofisi ya leba, hata kama mwajiri ni wa nyumbani. Hilo sijutii na ningelifanya tena. Ila kabla ya kwenda, pita kwa dada yako umweleze kwa mdomo wako mwenyewe. Mimi nilimwacha asikie kwa mumewe.

Maswali ya sheria nitajibu ninayoyajua. Langu ni moja tu. Aliyewahi kumdai ndugu yake akalipwa, aniambie: nani alipiga simu kwanza?